Jina ni Amana

Katika mazungumzo juu ya sanaa, neno moja hurudiwa mara nyingi hata limekuwa kama sheria: kwamba kazi haiwi njema ila imefanywa na mtu anayeipenda. Mfinyanzi apende udongo, mwimbaji apende wimbo, mwandishi apende hadithi anayoisimulia. Neno hili tumelizoea, na aghalabu hatuulizi limetoka wapi wala linaishia wapi. Lakini limezuka jambo linalotulazimisha kuuliza. Wenye kumiliki hadithi kubwa za sinema na televisheni, hadithi zilizopendwa na watu kwa miaka mingi, wamekuwa wakiwakabidhi hadithi hizo wasanii wanaosema waziwazi kwamba hawazipendi, au hawakupata kuvutiwa nazo, ili wazihuishe na kuzipa sura mpya. Je, jambo hili ni haki? Yafaa mtu apewe kazi ya kuijenga upya nyumba ambayo yeye mwenyewe asingependa kuishi ndani yake?

Kabla ya kujibu, hatuna budi kueleza ni kazi za namna gani tunazozisema. Hatusemi riwaya moja ya mtu mmoja, iliyoanza na kwisha mikononi mwake. Twasema hadithi iliyoanzishwa na mtungaji mmoja, ikapendwa, kisha ikaendelezwa na watungaji wengine chini ya jina lile lile, filamu baada ya filamu, kizazi hata kizazi. Kwa kawaida mwenye jina hilo si mtungaji tena, bali ni kampuni, na kampuni huweza kuliuza, kulikodisha au kulikabidhi kwa yeyote. Kwa hiyo wamo watu wa namna tatu katika shauri hili: mwenye jina, msanii aliyeajiriwa, na watu walioipenda hadithi. Hawa wa tatu ndio wengi kuliko wote, na ndio wasioulizwa.

Wanaoitetea desturi hii wana hoja nzito, nayo tuisikilize kwanza. Wahenga walisema: ukipenda, chongo huita kengeza. Mwenye mapenzi huona uzuri mahali penye kasoro, na kasoro isiyoonekana haitengenezeki. Mpenzi wa hadithi hutaka kila kitu kibaki palipokuwa: wahusika wasizeeke, maneno yasibadilike, hata makosa ya zamani yatunzwe kama vito. Akikabidhiwa kazi huweza kugeuka kuwa mlinzi wa kaburi. Mgeni asiye na mapenzi hayo huingia na macho makavu, akaona kilichooza na kilicho hai. Hapa pia wahenga wana neno: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hoja hii ina ushahidi. Kuanzia mwaka 1966 hadi 1969 televisheni ya Marekani ilionyesha mfululizo ulioitwa Star Trek, vipindi 79, juu ya nahodha na watu wake wanaosafiri katika chombo cha anga za juu. Mtungaji wake alikuwa Gene Roddenberry. Mfululizo ulisimamishwa, lakini uliporudiwa katika vituo vingi ulipata wapenzi wengi kuliko mwanzo, na mwaka 1979 ikatengenezwa filamu, Roddenberry mwenyewe akiwa mtayarishaji. Filamu hiyo iligharimu zaidi ya dola milioni 40. Ilileta fedha, lakini watazamaji wengi waliiona nzito na baridi. Kamera ilikizunguka chombo kwa muda mrefu, kana kwamba inakisujudia. Huo ndio ugonjwa wa mapenzi tuliousema.

Kampuni ya Paramount ikamweka Roddenberry kando kwa kumpa cheo cha mshauri, na kazi ya filamu ya pili ikapewa watu wawili wasiokuwa wafuasi wa Star Trek. Mtayarishaji alikuwa Harve Bennett, mtu wa televisheni ambaye hakuufahamu mfululizo huo. Mwongozaji alikuwa Nicholas Meyer, mwandishi aliyejulikana kwa riwaya yake ya mwaka 1974 iliyomtumia mpelelezi Sherlock Holmes. Filamu yao, The Wrath of Khan, ilitoka mwaka 1982. Iligharimu kama dola milioni 12 tu, na hata leo wapo wengi, wakiwemo wapenzi wa siku nyingi, wanaoihesabu kuwa bora kuliko filamu zote za Star Trek.

Mtu akiishia hapo atasema shauri limekwisha: asiyependa ameshinda. Lakini tutazame walivyofanya kazi. Bennett alikaa akavitazama vipindi vya zamani vyote, kimoja baada ya kimoja. Katika kipindi cha mwaka 1967 alimkuta adui aitwaye Khan, aliyeachwa na watu wake kwenye sayari ngeni, na mmoja wa mashujaa akajiuliza pale pale ingekuwaje kurudi baada ya miaka mia kuona mbegu ile imezaa nini. Swali hilo liliachwa bila jibu katika televisheni na filamu kwa miaka kumi na mitano. Bennett, mgeni, akaliokota. Meyer naye alipoutafakari mfululizo huu alisema kwamba kwake hizo ni hadithi za baharini, mfano wa zile za Kapteni Hornblower zilizotungwa na C. S. Forester juu ya jeshi la maji la Uingereza. Basi zilikuwa hivyo tangu mwanzo, kwani Roddenberry mwenyewe alipokuwa akimbuni nahodha wake alimtaja Hornblower huyo huyo kuwa mfano. Mgeni alichimba mpaka akaifikia mbegu aliyoipanda mwenye shamba.

Walichobadilisha kilikuwa kikubwa. Nahodha, aliyekuwa kijana daima, alipewa siku ya kuzaliwa na miwani ya kusomea. Spock, aliyependwa kuliko wahusika wote, alikufa ili kuwaokoa wenzake. Habari za kifo hicho zilipovuja wapenzi walikasirika na kuandika barua za malalamiko, na Roddenberry naye aliipinga sura ya kijeshi iliyotiwa katika hadithi yake. Hata hivyo kifo kile kiligusa watu kwa sababu kilitokana na tabia ya Spock waliyoijua. Asingekufa vile mtu mwingine yeyote. Hayo hawezi kuyatunga mtu asiyejua walichokipenda watu.

Hapa ndipo tunapoona kwamba neno "kutopenda" limefunika mambo matatu yaliyo mbalimbali, nasi tukiyachanganya hatutafika.

Jambo la kwanza ni kutopenda kwa asiyejua. Mtu hajapata kukaa na kazi hiyo, kwa hiyo haina nafasi moyoni mwake. Hili ni tatizo dogo, maana dawa yake ni kujifunza, kama alivyofanya Bennett. Jambo la pili ni kutopenda kwa aliyejua. Huyu ameisoma kazi, ameielewa, na ana ugomvi nayo. Ugomvi wa namna hiyo ni heshima, kwa sababu hatubishani kwa dhati ila na kile tulichokitia maanani. Jambo la tatu ni dharau, nayo ni kutopenda kwa asiyejua na asiyetaka kujua. Mwenye dharau huamini kwamba kazi ni ya kipuuzi na walioipenda ni wapuuzi. Mwaka 2022 mwandishi mmoja aliyewahi kufanya kazi katika filamu za televisheni za The Witcher, zilizotokana na vitabu vya Andrzej Sapkowski wa Poland, alisema hadharani kwamba baadhi ya wenzake hawakuvipenda vitabu hivyo na hata walividhihaki. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, hiyo ndiyo dharau tunayoisema. Kwa dharau hakuna dawa, kwa kuwa mwenye dharau haoni kama ni mgonjwa.

Sasa tuutazame mfano mgumu zaidi, ambao haukai vizuri katika kapu lolote. Mwaka 1959 Robert A. Heinlein wa Marekani alichapisha riwaya iitwayo Starship Troopers. Inasimulia askari wa miguu wanaopigana na wadudu wakubwa katika sayari za mbali, na katika nchi yao haki ya kupiga kura ni ya wale tu waliokwisha kulitumikia taifa kwa kujitolea. Wengine waliisoma kama sifa ya wajibu na nidhamu, wengine wakaona inautukuza ujeshi. Mwaka 1997 Paul Verhoeven aliitengenezea filamu. Huyu ni Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1938, na utoto wake aliupitia chini ya majeshi ya Ujerumani yaliyoikalia nchi yake. Ameeleza mwenyewe kwamba alisoma sura chache tu za kitabu, akachoshwa nacho, akakiweka chini. Filamu yake inaicheka jamii ile tangu mwanzo hadi mwisho: imewavika mashujaa mavazi yanayokumbusha ya Wanazi, na imezijaza taarifa za habari propaganda ya kuchekesha na kuogofya. Baadhi ya wahakiki wa wakati ule hawakuuona mzaha wakadhani filamu inausifu ufashisti. Baadaye wengi waliirudia wakaiona kuwa ni onyo lenye nguvu.

Je, Verhoeven alitenda vibaya? Juu ya vita na propaganda alikuwa na haki ya kusema, tena aliyajua mambo hayo kwa macho yake. Nisingependa filamu ile isiwepo. Lakini ipo hitilafu, nayo si ndogo. Mswada wa filamu ulianza bila jina la kitabu. Watengenezaji waliona unafanana na hadithi ya Heinlein, ndipo haki ya kukitumia kitabu ikanunuliwa. Jina lilikuja baadaye, kama kibao kinachopigiliwa juu ya duka ambalo bidhaa zake zimekwisha kupangwa. Msomaji aliyekipenda kitabu alikwenda kukiona kitabu chake, akakuta anajibiwa, tena anajibiwa na mtu ambaye hakulisikiliza swali mpaka mwisho.

Lilinganishe hilo na jambo jingine. Joe Haldeman alipigana Vietnam akajeruhiwa huko. Mwaka 1974 alichapisha riwaya The Forever War, juu ya askari wa anga za juu wanaorudi nyumbani na kukuta dunia imewapita. Wengi wameisoma kama jibu kwa Heinlein. Lakini jibu hilo lina jina lake, na limesimama kwa miguu yake. Anayekipenda kitabu cha Heinlein bado anacho, na anayetaka jibu analipata. Hakuna aliyenyang'anywa kitu.

Kutokana na mifano hii naona kwamba shauri letu halihusu mapenzi hasa, bali jina. Jina la hadithi iliyopendwa ni amana. Ndani yake imewekwa imani ya watu: wasomaji, watazamaji, wazazi waliowasimulia watoto wao. Anayelitumia jina huchota katika akiba hiyo ambayo yeye hakuiweka. Sheria ya hakimiliki humpa kampuni haki ya kuchota, lakini si kila alichohalalisha hakimu kinahalalishwa na dhamiri. Mwenye kupewa amana halazimiki kuipenda. Mtu huweza kutunziwa kitu na jirani ambaye hakithamini hata kidogo, na jirani huyo akawa mwaminifu kabisa. Linalomlazimu ni kujua amepewa nini, na kutokirudisha kingine akidai ni kile kile.

Pengine mtu atauliza: vipi ikiwa asiyependa ni mtungaji mwenyewe? Arthur Conan Doyle alimchoka Sherlock Holmes, akimwona kuwa anamzuia kuandika vitabu alivyoviona bora zaidi, na mwaka 1893 akamwua. Wasomaji walilalamika sana. Mwaka 1901 akaanza kuchapisha hadithi nyingine ya Holmes iliyotokea kabla ya kifo hicho, na mwaka 1903 akamrudisha akiwa hai. Hakuna aliyekuwa na haki juu ya Holmes kuliko yeye, na hata yeye aligundua kwamba watu wameweka kitu chao ndani ya jina lile. Mtungaji husamehewa zaidi kuliko mwajiriwa, lakini naye habaki peke yake na kazi yake baada ya kuitoa.

Holmes huyu ana ukoo katika fasihi yetu, nao unatuonyesha njia nyingine. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alivutiwa na ufundi wa hadithi za upelelezi za Kiingereza. Hakumchukua Holmes akampeleka Zanzibar. Alimbuni Bwana Msa, mwenye kiko chake na utulivu wake, akampa rafiki aitwaye Najum wa kumshangaa na kumuuliza kama Watson alivyomwuliza Holmes. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960, kisha zikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu na nyinginezo. Abdulla alichukua ufundi akaliacha jina. Kwa hiyo alikuwa huru kubadilisha alichotaka, na leo hatumsomi kama kivuli cha mtu mwingine.

Hata ule ugomvi wa ushairi uliowashughulisha wataalamu wetu katika miaka ya 1970 na 1980 waweza kuangaliwa hivyo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, kilichowaudhi wenye kushikilia vina na mizani si kwamba tungo hizo ziliandikwa. Wengi wao walisema na ziandikwe, ila zisiitwe mashairi. Ugomvi ulikuwa juu ya jina, na kila upande ulijua kwa nini jina lina thamani. Lakini washairi wale hawakuajiriwa na mtu kulikalia jina la malenga mwingine. Walisimama na tungo zao, wakalaumiwa na kusifiwa kwa majina yao wenyewe. Kwa hiyo ugomvi huo, ingawa ulikuwa mkali, ulikuwa safi, na ulizaa matunda.

Tukirudi kwa wenye sinema, swali linahamia kwa mwajiri. Kwa nini kampuni imtafute mtu asiyeipenda kazi? Mara nyingine ni kwa nia njema, ya kutafuta macho makavu tuliyoyasema. Lakini mara nyingi ni kwa sababu kampuni hutaka vitu viwili kwa bei ya kimoja: watazamaji wa zamani waje kwa ajili ya jina, na watazamaji wapya waje kwa ajili ya sura mpya. Methali husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Zipo hadithi mpya ambazo zingeweza kujiuza, lakini mwenye fedha haamini mpaka aone zimevishwa jina lililokwisha kujulikana. Ndipo msanii mwenye hadithi yake moyoni anapoambiwa hakuna fedha kwa hadithi hiyo, ila zipo tele kwa jina hili kuukuu. Huchukua kazi, akaiingiza hadithi yake kwa mlango wa nyuma, na kinyongo chake kikawaangukia wahusika wasio na hatia. Watazamaji wakikasirika humlaumu msanii, na msanii huwalaumu watazamaji. Aliyewagombanisha hatajwi.

Hata katika hali hiyo wapo waliofanya vyema. Tony Gilroy, aliyeirekebisha filamu Rogue One ya mwaka 2016, alisema wazi mwaka 2018 kwamba hakupata kuvutiwa na Star Wars, hadithi iliyoanzishwa na George Lucas mwaka 1977. Kisha akaongoza utungaji wa Andor, vipindi 24 vilivyoonyeshwa mwaka 2022 na 2025, na vikasifiwa sana. Siri yake haikufichika. Ndani ya hadithi ile mlikuwa na dola dhalimu na watu walioiasi, na wapenzi wengi walikuwa wamevizoea vitu hivyo kama mapambo ya nyuma. Gilroy aliuliza maswali ya kweli: dola dhalimu huendeshwaje kila siku, na makarani gani, katika ofisi gani? Mfungwa hufanyishwa kazi gani? Mtu wa kawaida hufikaje mahali pa kuasi? Hakuipenda hadithi, lakini aliisadiki kuliko walioipenda.

Kwa hiyo, anapoteuliwa mtu wa kuihuisha kazi ya zamani, badala ya kumwuliza kama anaipenda, na aulizwe mambo matatu. Je, ameijua, kwa kuisoma au kuitazama yote na si kwa kusimuliwa? Je, aweza kueleza, bila kejeli, ni kitu gani ambacho watu walikipenda ndani yake? Na tatu, je, atakachokitengeneza kinalihitaji jina hili, au kingesimama vizuri zaidi bila ya jina hilo? Anayeshindwa la kwanza arudi akajifunze. Anayeshindwa la pili asipewe amana. Na ambaye jibu lake kwa la tatu ni kwamba hakilihitaji, huyo apewe fedha akatunge hadithi yake, akijibu hoja za wengine akitaka, kwa jina lake mwenyewe.

Walimu wasidhani mambo haya yako Hollywood tu. Mwalimu wa fasihi hakuchagua vitabu vilivyomo katika mtaala. Mwaka baada ya mwaka huingia darasani na tamthilia au diwani ambayo pengine haimvutii, naye amekabidhiwa aihuishe mbele ya vijana wanaoisikia kwa mara ya kwanza. Hawezi kulazimishwa kuipenda, na wanafunzi hutambua upesi sana mapenzi ya kuigiza. Lakini aweza kuisoma mpaka mwisho, akatafuta kilichowafanya watu wengine waitunze, na akawaambia wanafunzi wake kwa unyofu ni wapi anapogombana nayo na kwa nini. Mwanafunzi naye, anapoandika insha juu ya kitabu asichokipenda, ana wajibu ule ule. Na aandike ugomvi wake, lakini aanze kwa kukieleza kitabu kwa namna ambayo mwenye kukipenda angekubali kwamba, naam, hicho ndicho kitabu chenyewe.